Mabaki ya Maradhi Ndani ya Kompyuta

Jirani yangu mmoja mjini Tanga, mwalimu mstaafu wa jiografia, alianza mwaka jana kuandika habari za ukoo wake katika kompyuta ndogo ya kupakata aliyozawadiwa na wanawe, na alipotimiza kurasa arubaini alizitia ndani ya flashi akazipeleka stesheneri zikapigwe chapa. Alirudi nyumbani na karatasi zake safi, zimebanwa vizuri. Lakini alipoichomeka tena flashi ile katika kompyuta yake aliona kila folda imekuwa kijialama chenye kishale kidogo pembeni, ilhali majina ya folda ni yale yale aliyoyaweka kwa mkono wake. Kwa kuwa majina yalikuwa yale yale, alibonyeza.

Kirusi cha namna hii ni maarufu mno katika nchi zetu, na hila yake ni nyepesi. Hakili kazi ya mtu wala hakiifuti, bali huzificha folda za kweli kwa kuzitia alama ambayo Windows huitumia kuficha mafaili yake yenyewe, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Na mtu akibonyeza njia ya mkato mambo mawili hutendeka kwa wakati mmoja, la kwanza ni kuendeshwa kwa programu ndogo iliyojificha ndani ya flashi, na la pili ni kufunguliwa kwa folda ya kweli, ili mwenye kazi aione kazi yake mbele ya macho asishuku lolote.

Fundi kijana akaitwa. “Shikamoo, Mwalimu,” alisema mlangoni, naye akajibiwa, “Marahaba, mwanangu, karibu, mgonjwa yuko mezani.” Aliiendesha programu ya kuzuia virusi, ambayo sote twaiita antivairasi, ikapekua muda wa saa nzima, ikakamata vitu vitatu, ikaviondoa, kisha ikaonyesha alama ya kijani. “Imepona, Mwalimu.” Alipewa ujira wake akaenda zake, wala sina sababu ya kumlaumu, maana alifanya kama walivyomfundisha waliomtangulia. Siku tisa baadaye mjukuu wa Mwalimu, aliyekuwa ameichomeka flashi yake ya shule katika kompyuta ile ili achukue picha, aliifungua shuleni akakuta kila folda ina kishale.

Niliombwa niitazame kompyuta hiyo, nikakaa nayo jioni mbili. Niliyoyakuta hayakuwa ya ajabu, lakini yalinifunza jambo ambalo nimekusudia kulieleza hapa kwa urefu, kwa sababu naona watu wengi, hata mafundi hodari, hulipita upande: kwamba kuiuliza kompyuta iliyougua kama imepona ni sawa na kadhi kumwita mshitakiwa awe shahidi pekee wa shauri lake mwenyewe. Jibu laweza kuwa kweli, lakini si ithibati. Ithibati hutafutwa kwa shahidi asiyekuwa chini ya mamlaka ya mshitakiwa.

Alama ya kijani, kwa hakika, ina maana yake, nayo ni finyu kuliko tunavyoifasiri. Antivairasi humtambua adui kwa njia mbili: ama kwa kulinganisha mafaili na daftari la alama za virusi vilivyokwisha kujulikana, ama kwa kutazama mwenendo wa programu na kuishuku ile inayotenda yasiyo ya kawaida. Kwa hiyo inaposema haikuona kitu, husema tu kwamba haikuona kinachofanana na inavyovijua. Na upungufu huu si wa kiwanda fulani wala wa bei ndogo, bali umo katika asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1984 Mmarekani Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California, alitoa makala juu ya virusi vya kompyuta ambamo alionyesha kwa hoja za kimantiki kwamba haiwezi kuwepo programu ya kutambua kila kirusi bila ya kukosea. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1986, ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, walikitoa kirusi kilichoitwa Brain, na tangu hapo mbio za mwenye kuficha na mwenye kupekua hazijasita.

Katika kompyuta ya Mwalimu, programu ndogo iliyokuwa ikiendeshwa na zile njia za mkato ilikuwa imefutwa kweli, lakini kabla ya kufutwa ilikuwa imekwisha kuacha wasia. Windows ina ratiba ya kazi, iitwayo Task Scheduler, ambayo ndani yake programu halali huandikisha mambo ya kutendwa kwa saa maalumu, mathalan kutafuta masasisho kila siku. Na humo, katikati ya majina mengi ya heshima, nilikuta kazi moja yenye jina lililofanana na la Microsoft, iliyoamrishwa kuamka kila baada ya nusu saa na kuendesha faili lililokuwa katika pembe ya akaunti ya Mwalimu ambayo kwa kawaida haionekani. Mbona antivairasi haikuliona faili hilo? Kwa sababu antivairasi ina orodha ya mahali ilipoambiwa isipekue, orodha iliyowekwa kwa nia njema ili programu zisizo na hatia zisisumbuliwe, na kirusi kilipoingia kilikuwa kimeiandika pembe ile ndani ya orodha hiyo. Mlinzi alizunguka nyumba nzima kwa uaminifu, akaruka chumba kimoja, kwa kuwa alidhani mwenye nyumba ndiye aliyemwamrisha. Tangu siku ile jambo la kwanza nilitazamalo katika kompyuta yoyote iliyougua ni orodha hiyo ya msamaha, na katika kompyuta ya mtu wa kawaida aghalabu yapasa kuwa tupu.

Zipo pembe nyingine za kutazamwa, nami sitazitaja zote, madhali msomaji akiijua kanuni atazifikia mwenyewe. Kanuni ni hii: kirusi kisichoweza kuamka tena baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa kimekwisha kufa, kwa hiyo swali la mpekuzi ni nani anayeamka pamoja na mashine, na kwa amri ya nani. Sehemu ya jibu imo katika Task Manager, chini ya kichwa cha programu za kuanzia. Sehemu imo katika ratiba niliyoitaja. Na sehemu kubwa imo katika rejista ya Windows, ambayo si mahali pa mtu asiyezoea kutia mkono. Lakini ipo programu ya bure iitwayo Autoruns, iliyoanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, ambao kampuni yao ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Hiyo hukusanya wenye kuamka wote katika orodha moja, huweza kuwaficha wenye sahihi ya Microsoft ili wabaki wageni peke yao, na kila mgeni huweza kuuliziwa habari zake kwa VirusTotal, huduma iliyoanzia Málaga, Hispania, mwaka 2004, ambayo hulipitisha faili moja mbele ya antivairasi nyingi kwa pamoja. Hapo ushahidi huanza kutoka nje ya mshitakiwa, nao una uzito.

Shahidi mwingine wa nje, na kwa mtu wa nyumbani ndiye mwepesi kuliko wote, ni upekuzi unaofanywa kabla Windows haijaamka. Katika Windows 10 na Windows 11 upo ndani ya mipangilio ya usalama, katika chaguo za upekuzi, kwa jina la Microsoft Defender Offline: kompyuta hujizima, huwaka tena katika mfumo mdogo ulio mbali na ule ulioambukizwa, na hapo, kwa muda wa takriban robo saa, hupekua diski ambayo imelala. Kirusi kilicholala hakiwezi kuficha faili wala kughushi jibu. Ninashangaa kwamba chombo hiki, kisichogharimu hata senti moja na kilichomo tayari katika kompyuta nyingi, hakijulikani; nimewauliza mafundi kadhaa wa mji wetu, na wawili tu ndio waliowahi kukitumia. Baada yake chaweza kuongezwa chombo cha pili cha kupekua kwa mara moja, mathalan Microsoft Safety Scanner, ambacho muda wake huisha siku kumi baada ya kupakuliwa na kwa hiyo hulazimu kupakuliwa upya pamoja na daftari lake jipya. Antivairasi mbili za kudumu zisikae pamoja katika kompyuta moja, maana zitashukiana, na mashine itachoka bure.

Sasa yafaa nieleze kisa cha genge la Estonia, kwa sababu hakuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba ugonjwa waweza kuondoka na mabaki yake yakaendelea kutenda kazi. Kila tovuti ina jina linalosomwa na watu na anwani ya tarakimu inayosomwa na mashine, na baina ya hayo mawili ziko seva ambazo kazi yake ni kutoa anwani kila zinapopewa jina. Programu hasidi iliyoitwa DNSChanger, iliyoenea tangu mwaka 2007, haikufanya mengi ila jambo moja: ilibadili tarakimu chache katika mipangilio ya kompyuta, ili maswali yote ya anwani yapelekwe kwa seva za genge badala ya seva za kampuni ya intaneti. Aliyetaka duka hili alipelekwa duka lile, matangazo ya haki yalifunikwa kwa matangazo ya wizi, na kompyuta nyingine zilizuiwa zisipate masasisho ya antivairasi. Zaidi ya hayo, programu hiyo ilijaribu kuingia katika ruta za nyumbani kwa kubahatisha nywila za kiwandani ambazo wenye ruta hawakuzibadilisha, na ilipofaulu ilibadili tarakimu humo pia, hata kila kifaa kilichounganishwa na ruta hiyo kikapotoshwa, ijapokuwa chenyewe hakikuwa na kirusi hata kimoja.

Mwezi wa Novemba 2011 polisi wa Estonia waliwakamata watu sita, na wachunguzi wa Marekani wakataja kuwa kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zimeambukizwa. Hapo ndipo ilipodhihiri shida: lau seva za genge zingezimwa siku ile, mamilioni ya watu wangekosa intaneti ghafla wasijue sababu, kwa kuwa kompyuta zao zilikuwa zikiuliza njia kwa mtu aliyekwisha kutiwa pingu. Mahakama ikaruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile za genge, ili watu wapate nafasi ya kutengeneza mipangilio yao. Muda ukawekwa, ukaongezwa, na seva zile zikazimwa tarehe 9 Julai 2012, miezi minane baada ya genge kukamatwa. Na hata siku hiyo anwani zaidi ya laki mbili bado zilikuwa zikiuliza huko. Sehemu ya kompyuta hizo, naamini, zilikuwa zimekwisha kuonyesha alama ya kijani zamani.

Kwa ajili hiyo siimalizi kazi ya ukaguzi kabla sijafungua mipangilio ya mtandao nikaona kama anwani za seva zinazoulizwa njia zimeandikwa kwa mkono, na kama ndivyo, ziliandikwa na nani. Kama hakuna anayezijua, hurudishwa zijipange zenyewe. Kisha hufungua ruta, hutazama mahali kama hapo, na kubadili nywila yake. Hufungua pia faili dogo la kale liitwalo hosts, lililomo ndani ya folda ya etc chini ya System32 na drivers, ambalo katika kompyuta ya nyumbani mistari yake kwa kawaida huanza kwa alama ya reli. Mstari usio na alama hiyo, wenye jina la benki au la kampuni ya antivairasi, haukuwekwa na mtu mwema. Virusi hupenda mno kumzuilia mgonjwa njia ya hospitali. Kirusi cha Conficker, kilichodhihiri Novemba 2008, kilizifunga tovuti za kampuni za usalama, na wataalamu wakaigeuza tabia hiyo kuwa kipimo: mwaka 2009 walitengeneza ukurasa mfano wa ubao wa kupimia macho, wenye picha zilizotoka katika tovuti zile zile, na aliyezikosa picha hizo huku akiziona nyingine alijua ana jambo la kutazama.

Yafaa pia niseme, ili nisiwatie watu wasiwasi bure, kwamba si kila dalili ni kirusi. Maonyo yanayoibuka pembeni mwa kioo yakidai kuwa kompyuta ina virusi vitano na kumtaka mtu abonyeze upesi, mara nyingi si kingine ila ni arifa za tovuti fulani ambayo siku moja iliomba ruhusa na mwenye kompyuta akakubali pasipo kusoma. Huondoka kwa kuingia katika mipangilio ya kivinjari na kuifuta ruhusa ile. Huko huko hutazamwa viendelezi vya kivinjari, na kila kimoja ambacho mwenyewe hakumbuki kukiweka hutolewa.

Lakini liko balaa moja ambalo upekuzi wa aina yoyote hautaliona, nalo ndilo linaloniudhi zaidi. Zipo programu hasidi zisizotaka kukaa. Mojawapo, RedLine, ilianza kuonekana mwaka 2020, na Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi na wenzao wa nchi nyingine walizitwaa seva zake. Kazi ya programu za jinsi hiyo ni kuingia, kukusanya nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari pamoja na vidakuzi, yaani vile vipande vidogo vinavyoifanya tovuti imkumbuke mtu asiombwe nywila kila mara, kuzipeleka kwa wezi, na baadhi yake hujifuta zenyewe zikiisha kupata zilichokitaka. Kompyuta itapekuliwa na kuonekana safi, na itakuwa safi kweli, ilhali ufunguo wa nyumba uko mfukoni mwa mtu mwingine katika nchi ya mbali. Basi mabaki ya maradhi yaweza kuwa nje ya mwili wa mgonjwa kabisa.

Dawa yake ni kubadilisha nywila, wala si kwa kompyuta inayoshukiwa bali kwa simu au kifaa kingine kilicho salama, na kuanza na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe ya mtu huweza kuziomba nywila zake nyingine zote. Baada ya kubadilisha, sharti ibonyezwe amri ya kutoka katika vifaa vyote, kwani kidakuzi kilichoibwa huweza kuendelea kumwingiza mwizi hata nywila ikiwa mpya. Kisha itazamwe namba ya simu ya kurudishia akaunti kama ni ya mwenyewe, na zisomwe kanuni za barua pepe, maana wezi wengine huacha kanuni ndogo inayopeleka nakala ya kila barua kwao. Mwalimu, aliyekuwa akipokea taarifa za pensheni kwa njia hiyo, alinyamaza kimya nilipomwambia haya, na tukazisoma kanuni zake pamoja mstari kwa mstari hata akaridhika kuwa hakuna.

Tukarudi kwenye flashi. Katika saraka ya meza yake zilikuwamo nne, na moja, aliyoisahau, ilikuwa na kirusi kile kile, tayari kuianza safari upya. Tulizipekua zote bila ya kubonyeza kilichomo, tukazifuta njia za mkato, kisha folda zilizofichwa zikarudishwa kwa amri moja fupi, attrib -h -r -s /s /d, ikifuatwa na herufi ya flashi. Kurasa arubaini za ukoo zilikuwamo, hazikupungua hata nukta.

Wako watakaouliza: kwa nini taabu yote hii, ilhali fundi huweza kufuta kila kitu na, kama wasemavyo wenyewe, kupiga Windows upya? Swali ni la haki, na mimi huona kwamba ikiwa kompyuta hutumika kwa mambo ya benki, au kirusi kilikaa kwa majuma mengi, au shaka haikuondoka baada ya ukaguzi, kuijenga upya ndiyo hukumu iliyo bora. Kirusi kinachoweza kuokoka hapo ni nadra mno; LoJax, iliyotangazwa na kampuni ya ESET Septemba 2018, iliishi ndani ya chipu ya ubao mkuu na kustahimili hata kubadilishwa kwa diski, lakini ilielekezwa kwa taasisi za serikali, si kwa nyumba za walimu. Hatari iliyo karibu nasi ni nyingine: flashi ya fundi yenyewe. Mara nyingi imebeba nakala ya wizi ya Windows, pamoja na kile ambacho vijana hukiita kraki, programu ya kuidanganya Windows ijione imelipiwa, na ambayo hutaka antivairasi izimwe kwanza ndipo ifanye kazi. Mtu aliyetoka kuugua humlipa fundi, na kwa fedha zake mwenyewe huweza kuununua ugonjwa wa pili. Windows ya halali hupakuliwa kwa Microsoft, kwa kutumia kompyuta iliyo safi, ikatiwa katika flashi tupu yenye nafasi isiyopungua gigabaiti 8. Na zinazorudishwa baadaye ni picha na maandishi ya mwenyewe, si programu za zamani.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa wenye stesheneri na vibanda vya intaneti, ambao kwa siku moja hupokea flashi nyingi kuliko nyumba moja kwa mwaka mzima. Ninawaomba, kwa ajili ya wanafunzi na wazee wanaowaamini: mara moja kila juma, mkiisha kufunga duka, iendesheni Microsoft Defender Offline katika kila kompyuta inayopokea flashi za wateja, itazameni orodha ya msamaha kama imebaki tupu, na mteja aliye na uwezo wa kuwatumia kazi yake kwa barua pepe mwambieni aitume kwa njia hiyo. Ni robo saa tu kwa kila mashine, nayo haidai malipo yoyote.